Kabla ya kumpigia kura mwenye kiwanda, ulizeni madeni yake

Mhariri,

Uchaguzi wa Agosti 2027 unabisha hodi na wafanyabiashara wanaomezea mate viti vya useneta wameanza kujipanga. Hoja ya wafuasi wao ni ile ile: aliyeajiri watu kiwandani ataleta ajira katika kaunti, na mwenye mali yake hana haja ya kuiba ya umma. Siibezi hoja hii. Ila ilishapimwa zamani, tena kwa mtu aliyekuwa na viwanda vikubwa mno vya nguo, na matokeo yake yamo katika kumbukumbu za mahakama na za Bunge la Marekani. Mtu huyo ni William Sprague wa jimbo la Rhode Island, gavana tangu 1860 hadi 1863, kisha seneta tangu Machi 1863 hadi Machi 1875. Naomba nafasi nimweleze kwa kirefu, kwa sababu anapotajwa watu hukimbilia ndoa yake na ugomvi wa nyumbani, na yenye faida kwa mpigakura yakaachwa.

Kwanza tusichanganye watu wawili. Kuna William Sprague mjomba-mtu, au kwa usahihi baba yake mdogo, ambaye naye alikuwa gavana (1838 hadi 1839) na seneta (1842 hadi 1844). Huyu pamoja na kaka yake Amasa ndio waliounda kampuni ya A. & W. Sprague, herufi hizo mbili zikiwa za majina yao, baada ya kurithi kiwanda cha baba yao mjini Cranston. Ninayemzungumzia ni mtoto wa Amasa, aliyezaliwa Septemba 1830. Tofauti hii si ndogo. Baba mdogo alipoona kampuni haina mwenyewe alijiuzulu useneta akarudi kiwandani. Mpwa wake alibaki na vyote viwili kwa miaka 12.

Sababu ya baba mdogo kurudi ilikuwa mauaji. Amasa Sprague aliuawa Desemba 31, 1843, karibu na nyumbani kwake. Miezi kadhaa kabla ya hapo alikuwa ametumia uzito wake katika halmashauri ya mji ili Nicholas Gordon, mhamiaji kutoka Ireland aliyekuwa na duka karibu na kiwanda, anyimwe leseni ya kuuza pombe. Amasa hakutaka wafanyakazi wake walewe. Ndugu watatu wa ukoo wa Gordon walishtakiwa, na mmoja wao, John, akanyongwa Februari 14, 1845 kwa ushahidi dhaifu mno. Jimbo lilifuta adhabu ya kifo mwaka 1852, na John Gordon akasamehewa rasmi na gavana mwaka 2011, miaka 166 baada ya kitanzi. Nalitaja kwa sababu linaonyesha jinsi mambo yalivyokuwa mapema: mwenye kiwanda hakuwa na cheo chochote kikubwa siku ile, lakini leseni ya jirani yake ilitegemea neno lake. Useneta ulipokuja uliongezwa juu ya nguvu ambayo tayari ilikuwepo.

Sasa tuingie kiwandani, maana bila kuelewa kazi yenyewe huwezi kuelewa deni lake. Akina Sprague walitengeneza chiti, kile kitambaa chepesi cha pamba chenye maua. Nguo ya kawaida katika soko lao ilikuwa na upana wa inchi 28, na nyuzi 64 kwa kila inchi ya mtande na 64 za mshindio. Ikitoka kwenye mitambo ya kufuma ikiwa na rangi yake ya pamba, hupitishwa juu ya bamba la moto ili kuteketeza vinyweleo, huchemshwa na chokaa, huoshwa kwa asidi, kisha hung'arishwa kwa dawa ya klorini. Vinyweleo vikibaki, kingo za ua hazitoki safi. Chokaa ikibaki, rangi hushika kwa madoa.

Halafu huja silinda za shaba zilizochongwa, moja kwa kila rangi, zikipangwa kuzunguka ngoma moja kubwa. Ua la rangi nne linataka silinda nne zinazokwenda sambamba bila kupishana. Kwa njia ya zamani kinachochapwa si rangi yenyewe, ni dawa ya kuishikiza, iliyofanywa nzito kwa wanga au gundi. Wembe mrefu wa chuma hukwangua juu ya silinda ili ibaki ile tu iliyo ndani ya mchoro, na wembe ukipata pengo hata dogo, mstari mwembamba hufuata kitambaa mwanzo hadi mwisho na jora zima huharibika. Dawa ya alumini ikikutana na rangi ya mzizi uitwao madder hutoa nyekundu, ya chuma hutoa zambarau au nyeusi kulingana na ukali wake, na zikichanganywa hutoa kahawia. Nguo huachwa siku kadhaa katika chumba chenye unyevu ili dawa ikolee, huoshwa kwa maji moto yaliyochanganywa na mavi ya ng'ombe ili kuondoa ile isiyoshika, ndipo itiwe ndani ya birika la madder. Moto wa birika hupandishwa polepole. Fundi mwenye haraka hupata nyekundu iliyochafuka, na hakuna sabuni ya kuirudisha.

Hesabu muda huo wote. Pamba inanunuliwa kusini mwa Marekani msimu wa mavuno, inasafirishwa kwa meli, inasokotwa, inafumwa, inachapwa, inapelekwa New York kwa wakala wa mauzo, naye anawauzia wenye maduka kwa mkopo. Kutoka siku ya kulipia pamba hadi siku pesa inarudi ni miezi mingi, na miezi hiyo yote mshahara unalipwa kila wiki au kila mwezi. Kampuni ya A. & W. Sprague ilijaza pengo hilo kwa hati za ahadi ya kulipa: karatasi inayosema tutalipa kiasi fulani baada ya miezi kadhaa. Benki inainunua kwa punguzo, siku ikifika kampuni inaandika nyingine na kulipia ya kwanza. Mfanyabiashara wa soko la Gikomba anayechukua marobota kwa mkopo Jumatatu na kulipia ya wiki iliyopita anaujua mchezo huu vizuri. Unakwenda salama mradi anayekopesha asiseme hapana hata mara moja.

William alishika kampuni mwaka 1856 baba yake mdogo alipofariki, akiwa na miaka 26, pamoja na ndugu yake Amasa na binamu yao Byron. Chini yao ilikua kupita kiasi. Kulikuwa na viwanda katika vijiji vya Rhode Island kama Natick, Arctic na Quidnick, kiwanda kikubwa cha Baltic jimboni Connecticut ambako mji mzima ulipewa jina la Sprague mwaka 1861, na mali nyingine Augusta jimboni Maine. Wakaongeza misitu, tramu za farasi za mji wa Providence na hisa za benki. Kilele chake kilikuwa wafanyakazi wapatao 10,000. Shida ya upanuzi huu ni kwamba ulijengwa kwa pesa ile ile ya hati za miezi michache. Mkopo mfupi ulinunulia vitu ambavyo haviuziki haraka: majengo ya mawe, maporomoko ya maji, miti. Kosa hilo pekee lingetosha kuiangusha kampuni yoyote hata kama mwenyewe hajawahi kuonja siasa.

Aligombea ugavana mwaka 1860 akiwa na miaka 29. Mpinzani wake alikuwa Seth Padelford wa chama cha Republican, aliyejulikana kwa msimamo mkali dhidi ya utumwa. Wenye viwanda vya pamba waliogopa kuvunja uhusiano na mashamba ya kusini yaliyolimwa na watumwa, wakamuunga mkono Sprague kama mtu wa wastani, pamoja na wanachama wa Democratic. Alishinda. Lakini tuangalie nani alipiga kura. Kwa katiba ya Rhode Island ya mwaka 1843, raia aliyezaliwa nje ya Marekani hakuweza kupiga kura mpaka awe na ardhi ya thamani ya dola 134. Sharti hilo lilidumu hadi 1888. Wahamiaji wa Ireland waliojaa viwandani wakiishi katika nyumba za kampuni walikuwa wapi na ardhi ya dola 134? Kwa hiyo anaposifiwa kuwa alichaguliwa na watu aliowaajiri, si kweli kwa sehemu kubwa ya watu hao.

Useneta nao haukupigiwa kura na wananchi kabisa. Hadi marekebisho ya 17 ya katiba ya Marekani mwaka 1913, maseneta walichaguliwa na bunge la jimbo. Katika jimbo dogo lenye wabunge wachache, mtu mwenye viwanda katika vijiji vingi hakuhitaji kuzunguka na kipaza sauti.

Niseme haki yake pia. Vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya majimbo ya kaskazini na ya kusini vilipoanza Aprili 1861 alikuwa miongoni mwa magavana wa kwanza kumpelekea Rais Lincoln askari, na hakubaki ofisini. Alikuwepo katika pigano la Bull Run Julai 21, 1861, farasi wake akapigwa risasi akiwa mgongoni. Ujasiri wake haupingwi na yeyote aliyesoma habari zake.

Vita hivyo ndivyo vilivyofunga njia ya pamba. Majeshi ya kaskazini yalizuia bandari za kusini, na ratili ya pamba iliyokuwa ikiuzwa New York kwa karibu senti 10 kabla ya vita ikapita dola 1 mwaka 1864. (Pwani yetu ilionja mtikisiko huo: merikani iliyokuwa ikitoka hasa viwanda vya Massachusetts iliadimika Zanzibar, na nguo za Uingereza na za Bombay zikachukua soko.) Mwenye silinda za shaba na wafanyakazi elfu kadhaa bila pamba anapoteza kila saa. Hapo ndipo doa kubwa la kazi ya Sprague lilipoanzia.

Biashara ya pamba kutoka maeneo ya waasi ilihitaji kibali cha serikali, na vibali hivyo vilikuwa chini ya Wizara ya Fedha. Waziri alikuwa Salmon P. Chase. Novemba 12, 1863, Seneta Sprague alimwoa Kate, binti wa Chase, katika harusi iliyohudhuriwa na Lincoln mwenyewe. Kabla ya hapo mtu aitwaye Harris Hoyt, aliyesema anatoka Texas na ni mtiifu kwa serikali ya kaskazini, alikuwa amemwendea Sprague na mpango wa kutoa pamba Texas. Sprague alimwombea kibali kwa Chase. Chase hakukitoa. Mpango ukaendelea bila kibali hicho, kwa pesa za watu wa karibu na Sprague, akiwemo binamu yake Byron na William H. Reynolds, ambaye awali alikuwa wakala wa Wizara ya Fedha wa kukusanya pamba huko Port Royal, South Carolina. Baadhi ya mizigo iliyokwenda Texas ilidaiwa kuwa na silaha, yaani bidhaa za kumwezesha adui. Mwishoni mwa 1864 jeshi liliwakamata washirika hao, na mmoja wao akaungama na kumtaja seneta.

Hakushtakiwa. Vita vikaisha, jambo likalala, hadi mwaka 1870 mbunge Thomas Jenckes wa jimbo hilo hilo la Rhode Island alipolifufua. Kamati ya Seneti ikachunguza na kuona hakuna ushahidi wa kutosha dhidi yake. Sina haki ya kumhukumu kwa kosa ambalo halikuthibitishwa. Ninachosema ni chepesi kuliko hukumu: mtu mmoja alikuwa gavana, halafu seneta, mnunuzi mkubwa wa pamba, na mkwe wa waziri anayetoa vibali vya pamba. Hata kama kila barua aliyoandika ilikuwa safi, hakuna mwananchi aliyeweza kujua ni ipi imeandikwa na seneta na ipi imeandikwa na mnunuzi.

Ndani ya Seneti aliwahi kuwa mwenyekiti wa Kamati ya Viwanda. Ushuru wa bidhaa kutoka nje ulipandishwa mwaka 1861 kabla hajaingia, ukapandishwa tena Juni 1864 akiwa ndani. Katika mambo ya kitaifa alifuata chama cha Republican, alichokuwa nacho sasa: Mei 1868 alipiga kura kumtia hatiani Rais Andrew Johnson, katika kesi ya kumwondoa madarakani iliyosimamiwa na baba mkwe wake Chase, aliyekuwa sasa Jaji Mkuu. Kura zilikuwa 35 za kumtia hatiani kwa 19 za kumwachia, na Johnson akaponea kwa sababu ilikosekana moja kufikia theluthi mbili zilizohitajika. Kwa miaka mingi hakusema sana. Halafu ghafla, majira ya Machi na Aprili 1869, akatoa mfululizo wa hotuba zilizowashangaza wenzake. Alisema mtaji unajikusanya mikononi mwa wachache, kwamba riba inawaua wazalishaji na wafanyakazi wao, na akataka serikali yenyewe iingie katika kukopesha ili riba ishuke. Aliwashambulia hadharani matajiri wenzake wa Providence, kampuni ya Brown & Ives.

Wengi waliosoma hotuba hizo humwona kama tajiri aliyepata huruma. Mimi nadhani alikuwa anasema kweli juu ya riba, na nadhani pia alikuwa anajieleza yeye. Miaka minne baadaye ilijulikana kwamba kampuni yake ilikuwa inadaiwa mamilioni, na wakati akizungumza hati zake zilikuwa zinafanywa upya benki kila baada ya miezi michache. Brown & Ives walikuwa washindani wake kibiashara. Maseneta waliomsikiliza hawakuwa na karatasi yoyote ya kuwaonyesha anadaiwa kiasi gani na nani. Sheria ya kuwalazimisha wabunge wa Marekani kutangaza mali na madeni yao ilikuja mwaka 1978.

Septemba 18, 1873 benki ya Jay Cooke, iliyokuwa imezamisha pesa katika reli ya Northern Pacific, ilifunga milango. Siku mbili baadaye soko la hisa la New York likafungwa kwa siku 10. Kila mwenye pesa akaikumbatia. Wakala wa mauzo wa akina Sprague jijini New York, Hoyt, Sprague & Co., akashindwa kulipa, na benki zikakataa kufanya upya hati za kampuni. Mahesabu yaliyotolewa wakati huo yalionyesha mali ya takriban dola milioni 19 na madeni ya takriban dola milioni 11. Kwa karatasi ni kampuni tajiri. Lakini milioni 11 zilitakiwa ndani ya miezi, na milioni 19 zilikuwa mawe, mitambo na maji ya mto katika msimu ambao hakuna mnunuzi.

Benki za Providence ziliogopa kuiuza kampuni vipande vipande, kwa kuwa zingeanguka nayo, zilivyokuwa zimeshika hati nyingi. Zikakubali mali yote iwekwe mikononi mwa msimamizi mmoja, Zechariah Chafee, na wanaodai wapewe hati mpya za miaka mitatu huku viwanda vikiendelea kufanya kazi. Utaratibu huo ulishindwa. Bei ya nguo ilishuka katika mdororo uliofuata, faida haikutosha kulipa riba, wadai waliokataa mpango wakaenda mahakamani, na miaka mitatu ikaisha bila chochote cha maana kulipwa. Kesi ziliendelea hadi ndani ya miaka ya 1880. Sprague alikuwa bado seneta mambo haya yakianza, na kipindi chake kilipokwisha Machi 1875 hakurudi. Alijaribu ugavana tena mwaka 1883 akashindwa.

Jambo linaloniumiza zaidi katika habari hii ni la watoto. Baba mdogo alipokufa mwaka 1856 kulikuwa na warithi wadogo, watoto wa binti yake, ambao sehemu yao ilikuwa ndani ya biashara. Haikutolewa na kuwekwa pembeni. Iliachwa humo humo izunguke na ya wakubwa, na kampuni iliposajiliwa rasmi sehemu hiyo ikahamishiwa ndani yake kupitia walezi wao, kwa idhini ya bunge la jimbo. Walipokuwa watu wazima kampuni ilikuwa imeshaanguka. Walikwenda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, nayo ikawakatalia. Wakili yeyote wa mirathi hapa Nairobi atakwambia hili bado hutokea: marehemu ana kampuni, ndugu wanasema tusiigawe itakufa, mwenye cheo kati yao ndiye anayeiendesha, na mayatima wanasubiri gawio lisilofika.

Kiwanda cha Cranston kilinunuliwa mwaka 1888 na ndugu wawili wa kampuni ya B. B. & R. Knight, wenye chapa ya Fruit of the Loom ambayo lebo yake haipotei katika mafungu ya fulana za mitumba. Mmoja wao, Robert, alikuwa amefanya kazi humo akiwa mtoto. Sprague alikufia Paris Septemba 11, 1915.

Tusidhani kila mtu wa nguo aliyeingia Seneti aliishia hivyo. Jimbo hilo hilo lilimtoa Henry Lippitt, mwenye viwanda vya pamba, seneta tangu 1911 hadi 1917, na Jesse Metcalf wa kiwanda cha sufu cha Wanskuck, tangu 1924 hadi 1937. Hawakuangusha uchumi wa jimbo. Kwa hiyo tatizo si biashara ya nguo wala utajiri, ni jinsi mali na cheo vilivyofungamana. Na athari ya siasa hizo za nguo hutufikia. Sheria ya Marekani ya AGOA ya mwaka 2000, ya kuingiza bidhaa za Afrika huko bila ushuru, ilipokuwa ikijadiliwa, maseneta wa majimbo ya viwanda vya nguo, kama Ernest Hollings wa South Carolina, walipambana nayo. Kanuni iliyoruhusu nguo zinazoshonwa Athi River kutumia kitambaa cha nchi ya tatu, yaani kisichotoka Marekani wala Afrika, ilitolewa kama nafuu ya muda, na kila muda wake ulipokaribia kwisha ajira za washonaji wetu zilitetereka.

Turudi kwetu basi. Katiba yetu, kifungu cha 75, inamtaka ofisa wa serikali aepuke mgongano kati ya maslahi yake na kazi ya umma, na tangu mwaka 2025 tuna Sheria ya Mgongano wa Maslahi. Hatua hiyo ni mbele kuliko Marekani ya mwaka 1863. Lakini sheria hizo humshika aliyekwisha kuchaguliwa. Mpigakura anaweza kuanza mapema, kwa vitu vilivyo wazi.

Chukua jina la kampuni ya mwaniaji, ingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, upande wa usajili wa biashara na uombe CR12, hati ya taarifa za kampuni. Kwa ada ndogo utapata majina ya wakurugenzi, wenye hisa na idadi ya hisa zao, pamoja na rehani zilizosajiliwa juu ya kampuni kama zipo. Angalia tarehe: CR12 ya mwaka jana haikwambii aliyeingia mwezi uliopita. Ukikuta mwenye hisa ni kampuni nyingine, omba na ya hiyo, maana wengi huishia ukurasa wa kwanza na kudhani wamemjua mwenyewe. Kwa mali inayohamishika, kama mitambo na bidhaa ghalani, kuna rejista ya dhamana iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2017, nayo hutafutwa kwa nambari ya utambulisho ya mkopaji. Kwa ardhi ya Nairobi tafuta katika Ardhisasa, mfumo wa serikali wa ardhi mtandaoni, ukiwa na nambari ya kipande. Notisi za kampuni zinazofilisiwa hutoka katika Gazeti Rasmi la Serikali, na hukumu za kesi za madeni ziko wazi katika tovuti ya Kenya Law. Hapa kuna mtego: kampuni inaweza kuwa na jina la biashara lililo tofauti kabisa na jina la usajili, kwa hiyo anza na jina lililo kwenye risiti ya kodi, si lile la kwenye bango.

Ukishapata karatasi hizo, maswali ya kumuuliza mwaniaji katika mkutano ni machache. Deni la kampuni yako linalotakiwa kulipwa ndani ya miezi 12 ni kiasi gani, na pesa taslimu uliyonayo ni kiasi gani? Usikubali jibu la thamani ya mali. Sprague alikuwa na mali. Benki gani inakudai, na je, kaunti inaweka akiba yake huko? Kampuni yako inauzia serikali ya kaunti au ya kitaifa chochote? Ukichaguliwa nani ataiendesha, na je, huyo ni mke wako, ndugu yako au mtu unayeweza kumfuta kazi kwa simu? Kuna mtoto au mjane ambaye urithi wake umo ndani ya kampuni hiyo? Mswada wa ushuru wa nguo au wa mitumba ukiletwa, utatangaza maslahi yako kabla ya kuchangia?

Mhariri, nakuomba gazeti lako litenge ukurasa mmoja kwa wiki kuanzia sasa hadi Agosti, lichapishe kwa kila mwaniaji wa useneta mwenye kampuni kile kilichomo katika CR12 yake na majibu yake kwa maswali haya. Atakayekataa kujibu, andikeni kwamba amekataa, na tarehe aliyoulizwa.

Msomaji wako,
Eneo la Viwandani, Nairobi